Madume Wawili wa Sanduku Moja

Mnyama wangu alifika Goma ndani ya kibuyu kilichotobolewa matundu, juu ya kamyo, lori la kahawa lililotoka Rutshuru. Aliyemleta alikuwa mjomba, ndugu wa mama. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa. Kwetu siku ya kuzaliwa haikuandikwa kwa uangalifu kama siku ya ubatizo. Kazi ya mjomba ilikuwa kumwongoza Mzungu mmoja katika tambarare za Rwindi, Mzungu ambaye aliwapuuza tembo na simba, akapiga magoti siku nzima mbele ya vishimo vya wanyama wadogo. Mnyama wangu, Mzungu huyo alimwita kwa jina la Kifaransa, na jina hilo lilipopita kinywani mwa mjomba lilitoka likiwa zeribili.

Hakuwa panya wa nyumbani. Manyoya yake yalikuwa na rangi ya udongo wa kiangazi, tumbo jeupe, macho makubwa meusi, na mkia mrefu ulioishia kwa kishungi. Kwa kuwa miguu yake ya nyuma ilikuwa mirefu, aliketi wima, mikono kifuani, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani ya ofisi. Nilimpenda papo hapo. Mama alimtazama mara moja tu.

"Panya ni panya," alisema. "Hata ukimuvalisha suti."

Kabla ya kushuka mjini baba alikuwa mchungaji wa ng'ombe katika vilima vya Masisi; sasa alikuwa sentinele, mlinzi wa usiku, kwenye ghala la mbao na saruji karibu na ziwa, upande ule ambao leo tunauita Himbi. Mtu aliyezoea kuishi na ng'ombe hana mengi ya kusema juu ya mnyama anayeenea katika kibuyu. Lakini siku ya tatu, mnyama alipokwisha kutafuna kibuyu, kikapu na ukingo wa mkeka, baba alirudi kutoka kazini na sanduku la mbao, akalipigilia bati la debe upande wa ndani, akalijaza udongo hadi nusu. Udongo huo aliutafuta mbali, kwa maana wa mjini kwetu ni changarawe nyeusi ya mlima wa moto na haushiki shimo.

Mwaka mmoja baadaye alikuja mtoto wa mjomba, msichana wa rika langu. Mama yake alikuwa amefariki, na baba yake alikuwa amepata kazi katika migodi ya Katanga. Ikaamuliwa aishi kwetu, asome pamoja nami kwa masista. Katika lugha yetu, Kinyarwanda, mtoto wa mjomba huitwa mubyara, na mubyara ni zaidi ya ndugu: ni mtu wa utani. Unaruhusiwa kumtukana, naye anaruhusiwa kukurudishia, na yule anayenuna ndiye mwenye kosa. Mubyara wangu alishuka kwenye kamyo akikumbatia kibuyu, na ndani ya kibuyu, bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote, alikuwa amemleta zeribili wake. Baba yake ndiye aliyemkamatia, siku chache kabla ya kuondoka.

Aliinama juu ya sanduku langu, akapima kwa jicho.

"Ule wa kwako amenona kama sefu," alisema; sefu kwetu ni mkubwa wa ofisi.

"Na ule wa kwako amekonda kama muswaki," nilimjibu.

"Amekonda sababu anafanya kazi. Wa kwako anakaa tu, anangojea mushahara."

Tulicheka, tukafanya jambo ambalo mtoto yeyote angelifanya: tulimtoa wake kwenye kibuyu, tukamweka katika sanduku la wangu, tukasubiri wasalimiane.

Kwa kitambo kirefu hawakutikisika. Kisha wangu akaanza kupiga udongo kwa mguu wa nyuma, haraka haraka, mlio mdogo mkavu kama wa kidole juu ya ngozi ya ngoma. Nilidhani anafurahi. Hapo hapo wakarukiana na kuwa mviringo mmoja wa manyoya unaobingirika, na hatukuweza kujua ni nani aliye juu na nani aliye chini. Baba, aliyekuwa akijiandaa kwenda kazini, alitumbukiza kofia yake kati yao, akamnyanyua mmoja ndani yake. Juu ya bati kulikuwa na matone matatu ya damu. Aliwageuza mmoja mmoja tumbo juu, akawakagua.

"Madume," alisema. "Yote mbili. Nani anaweka madume mbili katika zizi moja bila kuyajulisha?"

Mama alikuja kusimama mlangoni. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mama alipokuwa hana hasira alikuwa amekwisha kuamua. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, na sanduku lilikuwa katika chumba ambamo watoto tulilala.

"Sanduku ni moja," alisema. "Mbili siwezi kukubali, si katika chumba wanalala batu. Wakisikilizana, sawa. Damu ikitoka tena, ule mugeni ataenda inje."

Nje maana yake ilikuwa mawe. Nyuma ya nyumba yetu mlima ulikuwa umemwaga mawe yake zamani, meusi, makali, yasiyo na hata mahali pa kufukia kidole. Na juu ya mawe hayo walizunguka mwewe tangu asubuhi. Mnyama wa tambarare asingeona jioni moja hapo.

Mubyara wangu alikuwa ameshika kibuyu chake kitupu kwa mikono miwili.

"Akienda inje, Shangazi, na miye naenda."

"Utaenda wapi?"

"Kwetu."

Sote mle ndani tulijua kwamba kwao kulikuwa na nyumba iliyofungwa mlango kwa mti, na kwamba hapakuwa na mtu wa kuutoa mti huo. Na yeye alijua. Lakini alisema neno lile kwa namna ambayo mama alitazama pembeni. Alikuwa mtoto ambaye angetembea. Angeipita njia yote hadi Rutshuru akiwa na mnyama kifuani, na kama angefika, angekaa mbele ya mlango uliofungwa.

"Munipatiye siku kumi," baba alimwambia mama.

"Siku kumi kwa panya?"

"Kwa mutoto."

Kesho yake asubuhi alirudi kutoka kwenye ulinzi na kipande cha chekeche, ile nyavu ya chuma ambayo waashi huchekechea mchanga. Alikipinda kwa nyundo, akakisimamisha katikati ya sanduku kama ukuta, akamweka kila mnyama upande wake. Wangeweza kuonana, kunusana, hata kugusana pua kwa pua; kuumana wasingeweza. Akatuita sote wawili tukae chini. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, nami sikumbuki kumsikia akisema mengi kwa mara moja kama asubuhi ile.

"Ng'ombe hajui mutoto wake na macho," alisema. "Macho ni ya kutafuta majani. Mutoto anamujua na pua. Kwetu Masisi, ng'ombe moja alifiwa na ndama. Akakataa kutoa maziwa. Siku zile zile kulikuwa ndama ingine, mama yake alianguka katika bonde. Nikachuna ngozi ya ule aliyekufa, nikaitia chumvi, nikamuvalisha ule muzima mugongoni, nikamupeleka. Ng'ombe akanusa mugongo. Akanusa mukia. Akalamba. Maziwa yakashuka."

"Basi ulimudanganya, Papa," nilisema.

"Nilimudanganya. Siku tatu nilimudanganya. Siku ya ine nikatoa ile ngozi. Nikasema, sasa atamupiga teke, atamuua. Akanusa. Akalamba tena. Kutoka siku ile haikukuwa uongo tena."

Nimeishi na habari hiyo zaidi ya miaka thelathini. Baadaye nilikwenda chuo kikuu, nikamsikia mwalimu akieleza ubaoni kwamba wanyama wa jamii ile wana tezi tumboni, kwamba hujisugua chini na juu ya wenzao hadi wote wawe na harufu moja, na kwamba harufu hiyo ndiyo ukoo wao. Niliandika yote katika daftari, nikajisikia kama mtu anayesimuliwa habari za kwao na mpita njia. Lakini mwalimu hakuzungumza juu ya ile siku ya nne. Jinsi ya kumdanganya ng'ombe inaelezeka. Jinsi uongo unavyogeuka kuwa kweli katika pua ya mnyama, bila mtu kujua ni saa gani, hilo sijapata wa kunieleza, na nikilifikiria bado mwili unanisisimka kama nilivyosisimka siku ile nimekaa sakafuni.

Kazi aliyotupa ilikuwa hii. Kila asubuhi baada ya sala, wanyama wabadilishane pande: wangu aende kulala katika nyasi za wake, na wake katika nyasi za wangu. Udongo usiguswe, nyasi zisibadilishwe. Na kila mmoja wetu amshike mnyama wa mwenzake.

"Kwa nini nisimushike wa kwangu?" niliuliza.

"Wa kwako anakujua. Hapana mutu wa kumufundisha hapo."

Kisha akainua kidole, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Na musiwanawishe. Maji ni adui ya hii kazi."

Siku za kwanza zilikuwa za ghadhabu. Kila mmoja alipofika upande wa mwenzake alisimamisha manyoya, akakimbia pembe hadi pembe, akaburuta tumbo juu ya kila kitu kana kwamba anafuta maandishi na kuandika mengine. Alibomoa kiota alichokikuta, akakitupa nje unyasi kwa unyasi, akajenga chake. Asubuhi ya pili yalianza upya. Nilihuzunika, niliona kuwa tunawafundisha kuchukiana kwa zamu. Mubyara wangu alinicheka.

"Munatoka mujini, hamuna subira. Mutu akihamia nyumba ya mwingine anafagia kwanza."

"Weye uliingia kwetu, haukufagia."

"Ningefagia namna gani? Kulikuwa weye katikati ya nyumba."

Asubuhi ya tano tulipowabadilisha, mnyama wake aliingia upande ule, akanusa kiota cha wangu, akakizunguka. Hakukibomoa. Aliinua unyasi mmoja kwa mikono, akaugeuza, akaurudisha mahali pake, akaingia na kulala. Tulitazamana, mubyara na mimi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyepata neno la utani. Nilikuwa nimewahi kuona mambo makubwa kuliko hilo: mlima wetu ulifuka moshi kila siku juu ya paa za nyumba, na hakuna aliyeinua kichwa. Lakini kiumbe kilichoweza kubomoa na kikaacha kubomoa, hicho kilitushika pumzi. Siku ya saba na ya nane walilala wamebanwa kwenye chekeche, kila mmoja upande wake, migongo imegusana kupitia matundu ya chuma.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kulipita.

Nilimwonea mubyara wangu wivu. Hakuwa amenichukulia kitu. Alipewa nusu ya mkeka na nusu ya sahani, na mama aligawa kwa haki. Sababu ilikuwa mnyama wangu. Siku ya nane alipomshika kwa ajili ya kumbadilisha, yule mnyama alipanda mkono wake, akaingia katika mkono wa gauni, akatokea shingoni, akakaa begani mwake akijisafisha uso. Kwangu hakuwahi kufanya hivyo kwa mwaka mzima. Mubyara alicheka kwa sauti ndogo ya furaha, akasema, "Ona, sefu amepanda farasi," nami nikacheka pia, kwa kuwa utani una sheria zake. Ndani nilikuwa nimenuna.

Siku ya kumi iliangukia Jumamosi, na baba alikuwa ametangaza kwamba jioni hiyo, kabla hajaenda kazini, angeondoa chekeche. Jumamosi ilikuwa siku ya kufua. Katika nyumba za Wakristo mtaani kwetu kila kitu kilipelekwa kwenye maji siku hiyo: mashuka, mikeka, sufuria, watoto, kwani Jumapili haikupaswa kumkuta mtu au chombo kikiwa kichafu. Mubyara alikwenda parokiani kwa katekisimu. Mimi nilibaki uani na beseni, kipande cha sabuni ya kufulia na maji yaliyosalia. Nilikwenda kwenye sanduku. Nilimtoa mnyama wake. Nikamwosha.

Nilimwosha vizuri, mgongo na tumbo, nikamkausha kwa gauni langu kuukuu hadi manyoya yakasimama mepesi na kunukia sabuni. Nilipokuwa nikifanya hivyo nilijiambia kwamba ni Jumamosi, na kwamba kila mgeni anayepokelewa vema huoshwa. Hayo yalikuwa kweli. Na maneno ya baba, kwamba maji ni adui, nilikuwa nimeyasikia kwa masikio haya mawili. Nimejiuliza mara nyingi ni lipi kati ya hayo lililoshika sabuni. Sidhani kwamba nilitaka yule mnyama atupwe kwenye mawe. Nadhani nilitaka tu asipendwe sana. Lakini kati ya kutaka hilo na lile lingine hapana hata ukuta wa chekeche.

Nilimrudisha mahali pake, na sikumwambia mtu.

Saa kumi jioni sote tulikuwa tumezunguka sanduku, hata mama, aliyesimama kwa mbali na mwiko mkononi. Baba aliivuta ile nyavu taratibu. Wanyama walikaribiana. Wangu alinyoosha shingo, akaweka pua kwenye shavu la mwenzake kama alivyofanya kwenye matundu kwa siku nyingi, na nikaona mwili wake wote ukikauka. Alirudi nyuma hatua moja. Akaanza kupiga udongo kwa mguu. Nilijua papo hapo, kabla ya mtu mwingine yeyote mle ndani, kwamba hakumjua tena.

Baba aliwatenganisha kwa mkono mtupu, akaumwa kidole. Sikio la mnyama wa mubyara lilikuwa limechanika, na damu ilishuka hadi kwenye ndevu zake.

Mubyara hakulia. Alimchukua mnyama wake, akamfunika kwa kiganja, akaenda chumbani. Alirudi na kitambaa cha buluu ambamo alikuwa amefunga gauni lake la shule na viatu. Akasimama mbele ya mama kama mtu anayeaga kwa adabu.

"Damu imetoka, Shangazi. Wala usimutupe, nitamubeba."

"Hakuna kamyo saa hii, mwana," mama alisema. Sauti yake haikuwa ile ya siku ya kwanza.

"Nitangojea ya kesho."

Baba alikuwa bado amepiga magoti. Alikuwa akitazama kidole chake kinachotoka damu, kisha akakileta puani. Akanusa. Akakinusa tena.

"Hii ni sabuni," alisema.

Naomba msomaji aniamini nikisema kwamba sikujifikiria. Nilimtazama yule msichana na kitambaa chake, nikaiona barabara ya Rutshuru, na mlango, na mti uliokingamishwa mlangoni. Na maneno yakanitoka yenyewe.

"Ni miye, Papa. Nilimunawisha."

Nilingoja kofi. Baba alinitazama kwa muda mrefu, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayejaribu kukumbuka. Alimgeukia mama.

"Mama wa batoto, niletee ile samli."

Ninapaswa kueleza samli hiyo ilikuwa nini. Wazazi wangu waliposhuka kutoka Masisi waliacha ng'ombe wao kwa ndugu, na mama alikuja na kijungu kimoja cha samli kutoka kwa maziwa ya mwisho aliyoyasukasuka kwa mkono wake. Haikuliwa. Ilikuwa imekomaa na kunukia moshi na zizi, na mama aliipaka kidogo sana usoni na mikononi kwa Krismasi na Pasaka, na utosini mwa mtoto mchanga. Kijungu kilikaa ndani ya sanduku la nguo, kimefunikwa jani. Kwa kadiri nilivyojua, ndicho kitu pekee nyumbani kwetu ambacho mama hakuwa tayari kumwazima jirani.

"Samli ya Masisi," mama alisema. "Kwa mbeba." Mbeba ni panya kwa lugha yetu.

"Ule moja amepoteza harufu yake. Siwezi kumurudishia. Lakini naweza kuwapa yote mbili ingine mupya."

Mama alisimama pale na mwiko wake. Alimtazama mubyara, kitambaa, mimi. Kisha aliingia chumbani, na tukasikia kifuniko cha sanduku la nguo. Alipotoka hakumpa baba kijungu. Alichota mwenyewe kwa kidole, akapiga magoti kwenye sakafu pamoja na sisi, akasema kwa ukali, "Munishikie huyo sefu, anauma," na akampaka mnyama wangu mgongo mzima, mkia hadi kishungi, kisha kifua. Akampaka wa mubyara vivyo hivyo, akizunguka kwa uangalifu sikio lililochanika. Mikono yake ilikwenda kama ilivyokwenda juu ya kichwa cha mtoto mchanga. Nadhani haikujua namna nyingine ya kushika samli. Baba naye alikuwa akivuruga udongo wote wa sanduku, akachanganya nyasi za upande huu na za upande ule, hata pasiwe na kwa huyu wala kwa yule.

Waliwekwa ndani pamoja. Chekeche sasa ililazwa juu, iwe kifuniko.

Kwanza kila mmoja alijishughulisha na nafsi yake. Samli ilikuwa imewashika manyoya yakasimama vishungi vishungi, na wakaanza kujilamba, kwa haraka, kama watu walioletewa chakula kizuri wasichokitarajia. Walijilamba mikono, mbavu, tumbo. Lakini kuna mahali pa mwili ambapo mnyama hafiki mwenyewe. Wa mubyara alijipinda kufikia shingo yake, akashindwa, akajipinda tena. Wangu alikuwa karibu. Aliinua pua. Nilifumba macho, kisha nikayafumbua, kwa sababu nilikuwa nimemkosea vya kutosha na sikuwa na haki ya kutotazama.

Akanusa shingo ile. Akanusa nyuma ya sikio. Akalamba.

Alilamba mara moja, akasita, kisha akashika kichwa cha mwenzake kwa mikono yake miwili midogo, akaendelea kulamba kama anayesafisha sahani. Yule mwingine alilala chini, akafumba macho, akageuza shingo ili afikiwe vizuri. Nilimsikia baba akitoa pumzi ambayo sijui alikuwa ameishika tangu lini. Ilikuwa namna ile ile ya kimya iliyokuwako kanisani wakati wa kuinuliwa kwa hostia, na nasema hivyo bila kukufuru: watu wanne tumepiga magoti, vichwa vyetu karibu vinagusana, nyumba nzima inanuka Masisi.

Baba alisimama kwanza, kwa kuwa saa yake ya kazi ilikuwa imefika.

"Nikikuta damu asubuhi," alimwambia mubyara, "nitakupeleka Rutshuru miye mwenyewe. Hautatembea peke yako."

Mubyara alikubali kwa kichwa. Hakufungua kitambaa chake. Alikilaza juu ya chekeche, kifundo juu, kama kusema kwamba safari imeahirishwa tu, akaja kulala upande wake wa mkeka akinipa mgongo.

Mama alituamsha mapema kwa ajili ya misa. Kulikuwa kumepambazuka, na mubyara aliruka kabla yangu. Alipofika kwenye sanduku alisimama. Nilikwenda nyuma yake. Kitambaa cha buluu hakikuwapo, au tuseme palikuwa na kifundo chake, na gauni la shule na viatu vimelala wazi juu ya nyavu. Wanyama walikuwa wamekivuta chote kwa chini, uzi kwa uzi, kupitia matundu ya chekeche. Katika pembe moja ya sanduku kulikuwa na kiota kikubwa, laini, cha buluu, na kutoka katika kiota hicho zilitokeza ncha mbili za mikia, ambazo sikuweza kusema ipi ni ya nani. Kiota kilipanda na kushuka kwa pumzi moja.

Baba aliingia akitoka kazini, koti lake bado lina umande. Hakuuliza. Aliinua chekeche, akapiga magoti, akaingiza uso wake mzima ndani ya sanduku, akafumba macho na kunusa, hapa, na pale, kama nilivyomwona akinusa kidole chake. Alipoinua kichwa kulikuwa na unyasi kwenye nyusi zake.

"Iko moja," alisema. "Harufu iko moja."

Mubyara alichukua kile kifundo cha buluu, akakigeuza kiganjani.

"Sasa nitafunga vitu vyangu na nini?" alisema. Sauti yake ilitetemeka, na sikujua kama ni kicheko.

"Funga na mukia," nilisema.

"Weye usinisemeshe. Nitakuchukia mpaka Krismasi." Alikaa chini kando ya sanduku, akavuta magoti kifuani, na akasogea kidogo ili nipate nafasi ya kuona. "Na nyamaza. Utawaamsha."